Barclays ilivyoiachia Absa: tathmini ya utengano wa kampuni mama na kampuni tanzu

Ukiupima utengano huu kwa usumbufu alioupata mteja wa kawaida wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, unastahili alama nane kati ya kumi. Ukiupima kwa nafasi aliyopewa mwenye hisa mdogo wa Nairobi, alama zinashuka hadi tano. Tathmini hii inaangalia kazi yote: kwa nini Barclays PLC ya London iliachia benki zilizokuwa zinaleta faida, iliziuza vipi, mkataba wa mpito (wa huduma ambazo mama anaendelea kutoa kwa muda) ulifanyaje kazi, na nini kingeweza kuharibika. Hilo la mwisho si la kubahatisha, kwa sababu miaka hiyohiyo benki nyingine ya Uingereza, TSB, iliharibikiwa na hatua ileile.

Kwanza umiliki, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Mwaka 2005 Barclays ilinunua zaidi ya nusu ya hisa za Absa, benki kubwa ya Afrika Kusini iliyoorodheshwa Johannesburg. Mwaka 2013 Absa nayo ilichukua benki nane za Barclays zilizokuwa Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia, Botswana, Ghana, Morisi na Shelisheli. Haikulipa fedha taslimu. Ilitoa hisa mpya, na umiliki wa London ukapanda kutoka asilimia 55.5 hadi 62.3. Kundi zima likaitwa Barclays Africa Group. Kwa hiyo mteja wa Barclays Mombasa mwaka 2014 alikuwa mteja wa benki iliyomilikiwa kwa asilimia 68.5 na Johannesburg, na Johannesburg yenyewe ikamilikiwa kwa asilimia 62.3 na London. Asilimia 31.5 zilizobaki za benki ya Kenya zilikuwa za wananchi na taasisi katika Soko la Hisa la Nairobi, ambako benki hiyo imeorodheshwa tangu 1986.

Tanzania ilikuwa na jambo lake. Kundi hilohilo lilimiliki benki mbili: Barclays Bank Tanzania, na NBC (National Bank of Commerce) ambayo Absa ilinunua asilimia 55 zake mwaka 2000, Serikali ikibaki na 30 na IFC, shirika la fedha la Benki ya Dunia, likichukua 15. NBC ilizaliwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, pale mabenki binafsi, Barclays ikiwemo, yalipotaifishwa. Hivyo Barclays iliponunua Absa, ilirudi kuwa na sauti juu ya benki iliyojengwa kwa matawi yake ya zamani.

Tarehe 1 Machi 2016 Jes Staley, aliyekuwa ameshika uongozi wa Barclays miezi mitatu tu, alitangaza kwamba hisa hizo 62.3 zitapunguzwa ndani ya miaka miwili hadi mitatu. Wengi Afrika walilichukua tangazo hilo kama hukumu juu ya uchumi wa bara. Hatuoni hivyo. Uchumi ulikuwa na sehemu yake, lakini sababu kubwa ilikuwa hesabu ya mtaji, na hesabu hiyo inastahili kufanywa hatua kwa hatua kwa sababu ndiyo inayoziachanisha kampuni mama nyingi na kampuni tanzu zao, hasa za kibenki.

Kanuni ya uhasibu inasema hivi: ukidhibiti kampuni, unaweka mali zake zote na madeni yake yote kwenye mizania yako, hata kama hisa zako ni 62 kati ya 100. Faida ndiyo inayogawanywa. Mdhibiti wa mabenki naye anataka uwe na mtaji wa kukinga hatari zote za kampuni tanzu, si asilimia 62 za hatari hizo. Chukua tarakimu za kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Benki tanzu ina mali za bilioni 100 baada ya kupimwa kwa hatari. Ina mtaji wa bilioni 12 na faida ya bilioni 2 kwa mwaka. Ukiitazama kutoka Johannesburg, ni benki nzuri sana: faida ni karibu asilimia 16.7 ya mtaji.

Sasa iangalie kutoka London. Faida inayofika kwa mama ni asilimia 62.3 ya bilioni 2, yaani bilioni 1.246. Wenye hisa wachache wamechangia asilimia 37.7 ya mtaji, yaani karibu bilioni 4.5. Ingekuwa haki mama ahesabiwe mchango huo wote, lakini kanuni za Basel III, yaani kanuni za kimataifa za mtaji wa mabenki, hazimruhusu. Anahesabiwa sehemu inayolingana na kiwango cha chini tu kinachodaiwa kwenye benki tanzu yenyewe. Tuseme kiwango hicho ni bilioni 8. Mchango unaokubalika wa wenye hisa wachache ni bilioni 3.016. Ikiwa London inadaiwa bilioni 12 kwa mali hizo, inabidi ijaze karibu bilioni 9 yenyewe, ilhali sehemu yake halisi ndani ya benki tanzu ni bilioni 7.5. Bilioni 1.5 zinakaa bure. Faida ya asilimia 16.7 imeshuka hadi 13.9 kabla ya kodi yoyote na kabla ya sarafu kuyumba.

Juu ya hapo Barclays ilikuwa kwenye orodha ya mabenki makubwa ya dunia ambayo yakianguka yanaangusha wengine, na mabenki hayo hudaiwa mtaji wa nyongeza. Nyongeza hiyo ilipimwa kwa mizania nzima, mikopo ya nyumba ya Pretoria na amana za Kisumu zikiwemo. Kisha kulikuwa na tozo ya mabenki ya Uingereza, iliyoanza 2011 na kukokotolewa kwa mizania ya dunia nzima ya benki zenye makao huko. Hii ilikuwa sera mbaya kwa Afrika, na tunaisema wazi: Uingereza ilitoza amana ambazo haikuzilinda. Tangu Januari 2021 tozo hiyo inaangalia mizania ya ndani ya Uingereza pekee, lakini Barclays ilikuwa imeshaachia udhibiti. Weka pia bei iliyolipwa 2005 juu ya thamani ya vitabuni, na kushuka kwa randi, hasa baada ya waziri wa fedha wa Afrika Kusini kuondolewa ghafla Desemba 2015, na unaelewa kwa nini Staley alisema kwa maana hiyohiyo kwamba Barclays ilibeba wajibu wote wa kifedha na kupokea asilimia 62 tu ya manufaa.

Sababu nyingine zilikuwepo. Kiongozi mpya alitaka benki ya Uingereza na Marekani peke yake. Gawio la Barclays lilikuwa linakatwa kutoka peni 6.5 hadi peni 3 kwa hisa. Sheria ya kutenga benki za wananchi na benki za uwekezaji ilikuwa inakaribia. Hizo zilisukuma tarehe. Hesabu ya mtaji ndiyo iliyoamua.

Uuzaji wenyewe ulifanywa kwa ustadi. Mei 2016 Barclays iliuza asilimia 12.2 kwa randi 126 kwa hisa, ikabaki na 50.1. Mtu anaweza kuuliza kwa nini isiuze mbili zaidi na kushuka chini ya nusu mara moja. Jibu ni kwamba kushuka chini ya nusu kunavunja udhibiti, na udhibiti ukivunjika huduma zote zinazotoka London zinahitaji mkataba mpya, idhini za benki kuu za nchi zote zinazohusika, na makubaliano ya nani analipia nini. Hayo yalichukua mwaka mzima kujadiliwa. Kuuza 12.2 kwanza kulionyesha soko bei ya kweli bila kugusa chochote cha kiutendaji.

Awamu ya pili, Juni 2017, ndiyo iliyovunja kamba: asilimia 33.7 kwa randi 132. Sehemu yake ilikwenda kwa PIC, mfuko unaosimamia pensheni za watumishi wa umma wa Afrika Kusini, ambao ulilazimika kusubiri vibali. Kufikia mwisho wa mwaka, baada ya kutoa pia hisa chache zaidi, Barclays ilikuwa na asilimia 14.9. Ukiwa chini ya asilimia 20, uhasibu hauchukulii tena kwamba una ushawishi mkubwa, kwa hiyo hisa zinakuwa kitega uchumi tu. Hisa hizo zilizobaki ziliuzwa kwa mikupuo miwili mwaka 2022.

Msomaji wa taarifa za fedha atashtuka akikuta kwamba mwaka huohuo 2017, baada ya kuuza kwa bei nzuri, Barclays iliandika hasara ya pauni bilioni 1.4 kwa mauzo hayo. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikuwa mpya. Kila mwaka randi iliposhuka, upungufu wa thamani katika pauni uliwekwa kwenye akiba ya ubadilishaji wa sarafu, pembeni ya taarifa ya faida na hasara. Siku udhibiti unapoondoka, akiba hiyo yote lazima ipite kwenye taarifa ya faida na hasara kwa mara moja. Mtaji hauguswi, kwa sababu ulikuwa umeshapunguzwa zamani. Ni vizuri kuijua hatua hii: kampuni mama ikitangaza hasara kubwa siku ya kuachana, angalia kwanza kama ni sarafu ya miaka iliyopita kabla ya kudhani imeuza kwa bei ya kutupa.

Je, ingeweza kufanya kama Dell? Novemba 2021 Dell, kampuni ya kompyuta ya Marekani iliyokuwa na karibu asilimia 81 za kampuni ya programu ya VMware, haikuuza hisa hizo. Iliwagawia wanahisa wake wenyewe, na kabla ya hapo VMware ililipa gawio maalumu la dola bilioni 11.5 ambalo sehemu kubwa ilikwenda Dell kupunguza madeni. Njia hiyo inafaa kampuni mama ambayo wanahisa wake watafurahia kushika hisa za kampuni tanzu, na ambayo kampuni tanzu yake ina fedha za kugawa. Barclays haikuwa na hata kimoja. Wanahisa wake wa Uingereza wangepewa hisa za randi zilizoorodheshwa Johannesburg, wengi wangezimwaga sokoni, na London isingepata senti ya kuongeza mtaji. Kuuza kwa awamu kulikuwa sahihi.

Tukija kwenye mkataba wa mpito, hapa ndipo alama nane zilipopatikana. Ulianza Juni 2017 kwa muda wa miaka mitatu. Kwa kipindi hicho Barclays iliendelea kutoa mifumo na huduma zilizokuwa zimeungana na London, na benki za nje ya Afrika Kusini ziliruhusiwa kuendelea kutumia jina la Barclays. Zaidi ya hapo, Barclays ilichangia pauni milioni 765 kwa ajili ya gharama za kutengana. Fedha hizi ni jambo la msingi. Kampuni tanzu inayoachwa bila fungu la kutengana hulazimika kujenga mifumo mipya kwa faida yake ya kawaida, na kinachokatwa kwanza huwa ni majaribio.

Mkataba wa aina hii ukiusoma vizuri una mambo matano yanayoamua kama utafanya kazi. Orodha ya huduma lazima iwe kamili, na kamwe haiwi. Daima kuna kitu kilichosahaulika: seva ya kuhakiki malipo ya nje, leseni ya programu iliyonunuliwa kwa jina la mama na isiyohamishika, orodha ya watu waliowekewa vikwazo ambayo huchujwa makao makuu. Ndiyo maana lazima kuwe na kifungu kinachoruhusu kuongeza huduma iliyosahaulika ndani ya muda fulani kwa bei ileile. Bei nayo iwe ya gharama, na ipande kadiri muda unavyokwisha, ili pande zote mbili zitamani kumaliza. Kila huduma iwe na tarehe yake ya kuzimwa, maana tarehe moja kwa zote huzaa msongamano wa wiki ya mwisho. Data igawanywe kwa maandishi: nani anaondoka na rekodi zipi, na nani anafuta zipi. Na watumishi wanaojua mfumo wa zamani wafungwe kwa malipo ya kubaki hadi siku ya kuzima, kwa sababu hao ndio wa kwanza kutafutwa na benki jirani.

Ratiba ya Absa ilifuata busara hiyo. Julai 2018 kundi lilibadili jina kule Johannesburg kuwa Absa Group. Kwa wateja wa Afrika Kusini hilo lilikuwa jepesi, kwani matawi yao yalikuwa bado yanaitwa Absa miaka yote. Mzigo wa jina ulikuwa wa nchi nyingine. Uganda ilitangulia Novemba 2019. Kenya ilibadili tarehe 10 Februari 2020, na Tanzania mwezi huohuo. Mkataba ulikuwa unakwisha Juni 2020, kwa hiyo kulibaki takriban miezi minne ya akiba. Wapangaji wa miradi mara nyingi huona akiba kama uzembe. Machi 2020 janga la UVIKO lilifunga ofisi, na hapo ndipo thamani ya miezi hiyo ilipoonekana. Kama ubadilishaji wa mabango, kadi na anwani za intaneti ungepangwa Mei, wafanyakazi wa kuutekeleza wangekuwa nyumbani.

Sasa TSB. Lloyds iliokolewa na serikali ya Uingereza wakati wa mgogoro wa 2008, na Tume ya Ulaya ikaiamuru kuachia sehemu ya matawi yake kama sharti la msaada huo. Hiyo ni sababu nyingine ya mama kuachana na tanzu: kuamriwa. TSB iliingia soko la hisa la London Juni 2014 huku Lloyds ikiwa bado na hisa nyingi, na mwaka 2015 benki ya Hispania, Sabadell, ikainunua yote kwa pauni bilioni 1.7. Lloyds ilitoa pauni milioni 450 za kuhamia mfumo mpya. Mpaka hapo hadithi inafanana na ya Absa.

Tofauti ilikuja kwenye kuhama. TSB iliendelea kutumia mfumo wa Lloyds kwa malipo ya kila mwaka, kama mpangaji anayetumia mita ya umeme ya mwenye nyumba, na kila mwezi wa kuchelewa uliuma. Sabadell ilikuwa na hamu ya kuokoa fedha hizo. Mfumo mpya ulijengwa na kampuni ya teknolojia ya Sabadell, na wikiendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018 takriban rekodi zote zikahamishwa kwa mkupuo mmoja. Data yenyewe ilihama salama. Kilichoanguka ni jukwaa lililotakiwa kuihudumia. Kulikuwa na vituo viwili vya data vilivyotakiwa kufanya kazi pamoja, na majaribio ya uwezo yalifanywa kwenye kimoja tu. Mpangilio wa vituo hivyo viwili haukuwa sawa, na kosa hilo lilibaki limejificha hadi wateja walipoingia kwa wingi. Watu hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, baadhi yao wakaona akaunti zisizo zao, na hali haikurudi kuwa ya kawaida kabisa mpaka Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba. Mwaka 2022 wadhibiti waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, juu ya fidia ya pauni milioni 32.7 kwa wateja.

Kwa mtu anayesimamia utengano, funzo la kiufundi liko wazi na linatekelezeka. Hamisha kwa makundi: watumishi wa benki kwanza, kisha tawi moja, kisha mkoa. Jaribu kwa mzigo mkubwa kuliko siku ya mishahara, kwenye vifaa vilevile vitakavyotumika, si kwenye nakala. Na bodi isikubali maneno ya kampuni dada kwamba iko tayari. Iombe ushahidi wa majaribio kutoka kwa kila mtoa huduma aliye chini yake. Absa ilikuwa na faida moja ya asili hapa. Nchi zake zilikuwa nyingi na ndogo, kila moja na benki yake yenye leseni yake, kwa hiyo kuhama kwa awamu kulijileta.

Mteja wa Afrika Mashariki aliona nini? Kidogo sana, na hiyo ndiyo sifa. Namba za akaunti hazikubadilika. Kadi za zamani zenye nembo ya Barclays ziliendelea kufanya kazi. Mikopo, rehani na mikataba ilibaki halali bila kusainiwa upya, kwa sababu kampuni iliyotia saini ni ileile. Imebadili jina tu katika daftari la msajili. Hii ni tofauti kubwa na pale benki inapouza biashara yake kwa benki nyingine, ambapo mkopo wako unahamishwa kwa mkopeshaji mpya na dhamana yako ya ardhi inaweza kuhitaji kuandikwa upya. Ukipata barua ya benki yako kubadili jina, swali la kwanza ni hilo: je, ni kampuni ileile yenye jina jipya, au akaunti yangu imehamishwa?

Kitu kimoja kiliwakanganya watu na kinaendelea kuwakanganya. Msimbo wa SWIFT, unaotambulisha benki katika malipo ya kimataifa, wa Absa Kenya ni BARCKENX, wa Tanzania BARCTZTZ, wa Uganda BARCUGKX. Herufi nne za mwanzo ni za Barclays, na zimebaki. Ndugu aliyeko Muscat au Minneapolis akituma fedha, fomu inamwomba jina la benki na msimbo. Akiandika Absa na kuona BARC anadhani amekosea, anabadilisha, na fedha zinarudi au zinasimama njiani zikikatwa ada. Kuacha msimbo kama ulivyokuwa ulikuwa uamuzi mzuri, maana kuubadili kungevunja maelekezo ya malipo yote yaliyohifadhiwa na waajiri na wanunuzi wa nje. Lakini maelezo yake kwa umma yalikuwa hafifu. Mstari mmoja nyuma ya kila taarifa ya akaunti ungetosha.

Kipindi cha kubadili jina pia ni msimu wa matapeli. Ujumbe unaosema "thibitisha akaunti yako ili ihamie mfumo mpya" unaaminika kwa sababu kuhama kwenyewe ni kweli. Benki inayotengana inapaswa kutangaza mapema, na kurudia, kwamba mteja hatakiwi kufanya lolote. Kama kuna jambo la kufanya, lifanyike tawini tu.

Bidhaa moja ilipita katika haya yote bila mchubuko: Timiza, huduma ya mikopo na akiba ya simu iliyoanzishwa Kenya 2018, wakati uamuzi wa kuondoka ulikuwa umeshafanywa. Haikubeba jina la Barclays. Ilipofika 2020 hakukuwa na cha kubadili kwa mteja zaidi ya nembo ya pembeni. Kampuni tanzu yoyote yenye mama anayesitasita ingefanya vizuri kubatiza bidhaa zake mpya hivyo. NBC nayo haikuguswa na zoezi la jina, kwa sababu jina lake halikuwa la Barclays kamwe.

Alama tano za mwenye hisa mdogo zinahitaji maelezo. Yule aliyekuwa na hisa za Barclays Kenya katika soko la Nairobi hakupewa nafasi ya kuuza kwa bei ya mwenye hisa nyingi. Kisheria hakuna lililovunjwa: mmiliki wake wa moja kwa moja, Johannesburg, hakuuza hata hisa moja ya Kenya. Kilichobadilika kilikuwa ngazi moja juu. Lakini kiuchumi alikuwa amenunua hisa za benki yenye jina la London na uhusiano wa London, akajikuta na kitu kingine. Maswali yake ya msingi yalikuwa sehemu ya Kenya katika gharama za kutengana na kiasi kitakacholipiwa kutoka pauni milioni 765. Hayo yalihitaji kusemwa kwa ukurasa mmoja ulionyooka, na mtu alilazimika kuyachambua kutoka taarifa za nchi tatu.

Linganisha na Bamburi Cement ya Kenya. Holcim ya Uswisi ilikuwa na asilimia 58.6 za Bamburi, na mwaka 2024 iliamua kuondoka. Mnunuzi, Amsons ya Tanzania, alitoa shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa, na ofa hiyo ilikwenda kwa wanahisa wote, mkubwa na mdogo, kwa bei moja. Amsons iliishia na zaidi ya asilimia 96. Tofauti iko kwenye ngazi: Holcim iliuza hisa za Bamburi yenyewe, kwa hiyo kanuni za ununuzi wa kampuni zilimlinda mdogo. Anayeshika hisa za kampuni tanzu ajue mama yake anashika hisa hizo moja kwa moja au kupitia kampuni ya kati, maana ulinzi wake unaweza kutegemea hapo. Habari hiyo huwa kwenye orodha ya wanahisa kumi wakubwa, karibu na mwisho wa taarifa ya mwaka.

Ukiwa na taarifa hiyo mkononi, nenda pia kwenye maelezo ya miamala na wahusika wa karibu. Humo kuna ada za usimamizi, ada za kutumia jina, huduma za teknolojia na mikopo kutoka kwa mama. Jumlisha na ugawe kwa gharama zote za uendeshaji za mwaka. Sehemu hiyo ikiwa kubwa, utengano utakuwa mrefu na ghali, na fungu la mpito ndilo la kuulizia kwenye mkutano mkuu. Kisha soma taarifa ya kampuni mama, si ya tanzu. Nchi yako ikihamishwa kutoka kwenye biashara kuu kwenda kwenye kundi la biashara zisizo za msingi, au mama akianza kutaja faida ya mtaji wake "baada ya kuondoa" eneo lako, uamuzi uko karibu. Tazama wajumbe wa bodi walioteuliwa na mama: wakistaafu na nafasi zao kujazwa na watu wa ndani ya nchi bila maelezo, hiyo nayo ni dalili. Na kama mama amebaki na kipande baada ya kuuza, kama zile asilimia 14.9, tarajia bei ya hisa ibanwe mpaka kipande hicho kiuzwe, kwa kuwa kila mnunuzi mkubwa anajua kuna muuzaji anayesubiri. Kwa Absa kusubiri huko kuliisha 2022.